Mchanga Ulishiba Kabla ya Maziwa Kupoa

Siku ile naikumbuka kwa pua kuliko kwa macho, mwanangu. Naikumbuka kwa harufu ya maziwa yaliyochacha. Keni nne za alumini zilikuwa zimesimama juani mbele ya nyumba ya shangazi yangu Bhoke, kule Mbalibali wilayani Serengeti, na wanawake wanane walikuwa wamezizunguka kimya kama watu waliofika msibani. Mwenye kosa nilikuwa mimi, Ghati, msichana wa miaka ishirini, niliyekuwa nimemaliza kidato cha sita na kudhani nimemaliza na kusoma.

Nakueleza habari hii kwa sababu najua unavyoiogopa ile sura ya joto katika fizikia. Unaikariri, unaiandika kwenye mtihani, kisha unaisahau. Mimi niliikariri kuliko wewe. Niliijua kwa Kiingereza, mbele na nyuma, na bado iliniaibisha. Basi sogea, usikilize.

Kwetu ni Gorong'a, upande wa Tarime. Nilipomaliza mitihani, baba alinituma nikakae kwa dada yake huko Serengeti nikisubiri majibu. Shangazi alikuwa ameolewa na Mzee Marwa, mfugaji mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Sisi sote tulimwita Tata, yaani baba kwa Kikurya. Katika boma lile alikuwepo pia mama yake, Bibi Wankuru, mzee sana, asiyejua kusoma wala kuandika. Kumbuka hilo, maana ndiye mwalimu wa habari hii.

Shangazi na wenzake walikuwa na kikundi cha maziwa. Mara tatu kwa wiki walikamua alfajiri, wakakusanya keni nne za lita ishirini, na saa sita mchana gari la kununua maziwa likafika. Ndani ya gari kulikuwa na kijana mpimaji. Alichota maziwa kidogo kwa kijiko, akayachemsha juu ya moto wa spiriti. Yakitulia, anapokea. Yakikatika mabonge, anayakataa keni nzima, wala habishani na mtu. Sasa maziwa yakitoka kwenye chuchu yana joto la ng'ombe mwenyewe. Ukiyaacha na joto hilo tangu alfajiri hadi saa sita, lazima yaanze kuharibika. Kwa hiyo wanawake walizisimamisha keni ndani ya maji, maji yakipata joto wanayamwaga na kuweka mengine. Walitumia madumu kumi na tano ya lita ishirini kwa asubuhi moja.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali. Kijito cha karibu kilikauka kikabaki mchanga mtupu, na maji yakawa yanafuatwa mbali kwa punda. Tata alivumilia wiki mbili. Ya tatu akamwita shangazi uani.

"Mama Robi, maji haya ni ya ndama. Ndama wangu ulimi nje, na nyinyi mnayamwaga chini kwa sababu ya maziwa. Kuanzia kesho basi."

Shangazi aliinama akaokota kikombe kilichokuwa chini ingawa hakuwa na kazi nacho. Nilimwonea huruma, kwa sababu kikundi kile ndicho kitu pekee wanawake wale walichokianzisha wenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Ndipo nilipofungua mdomo.

"Shangazi, usihangaike na maji," nikamwambia. "Joto hutoka penye joto likaenda penye baridi. Mchanga wa kijitoni asubuhi una baridi kuliko maji ya pipani. Tuzifukie keni kwenye mchanga hadi shingoni."

"Una hakika, Ghati?"

"Tumesoma, shangazi."

Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu. Lakini mimi sikuwa debe tupu kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo. Debe lenye maji nusu huvuma na kumwagika pia. Niliyoyasema kuhusu joto kwenda penye baridi yalikuwa kweli. Hata mchanga kweli ulikuwa na baridi zaidi. Niliupima kwa kipimajoto cha kikundi, nikapata nyuzi kumi na saba, na maji ya pipani yalikuwa na nyuzi ishirini na moja. Nikaona nimeshinda. Tulileta mchanga kwa mkokoteni wa ng'ombe jioni, tukauacha upate baridi, na asubuhi tukazungushia kila keni ndoo mbili zilizojaa, kama kilo arobaini hivi. Kisha nikatundika kipimajoto kwenye msumari wake na kwenda kusuka nywele.

Sikuyapima maziwa tena. Sikiliza hapo. Nilikuwa na chombo ukutani na sikukishika, kwa sababu sikuwa na shaka.

Saa sita gari likaja. Kijana akafunua keni ya kwanza, akachemsha kijiko chake. Maziwa yakakatika. Ya pili, yakakatika. Ya tatu na ya nne vilevile. Akamtazama shangazi kwa adabu.

"Mama, shikamoo tena, lakini siwezi. Na mkubwa wangu amesema barabara hii ni mbaya. Tukikataa mzigo wote mara mbili, gari haligeuzi tena huku."

Gari likaondoka na vumbi lake. Mwanamke mmoja, jirani yetu, akajaribu kutuchangamsha: "Basi tutakunywa mgando mpaka ututokee masikioni." Hakuna aliyecheka. Shangazi alifunika keni moja moja, akaingia ndani. Angenigombeza ningepata nafuu. Hakunigombeza.

Nilikwenda kujificha nyuma ya jiko la Bibi Wankuru. Mzee yule hakuwa akiona vizuri, lakini alimtambua mtu anayelia kwa sauti ya pua yake.

"Ghati, njoo hapa mbele. Machozi hayapozi maziwa."

Nikaja, nikamsalimia shikamoo ingawa nilishamsalimia asubuhi. Akaitikia, kisha akaniuliza kwa upole, kana kwamba anauliza habari za safari.

"Ule mchanga ulikuwa na baridi?"

"Ulikuwa nayo, bibi."

"Na ulipozungushiwa keni, ukawaje?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimeugusa mara moja nikipita na chanuo kichwani. "Ulipata joto, bibi. Upesi."

"Basi ulishiba," akasema. "Uliushika ukaona una baridi, ukadhani una njaa kubwa. Kila kitu kina tumbo lake, mjukuu wangu. Mchanga una tumbo la kuku. Maji yana tumbo la ng'ombe. Mimi nilipokuwa msichana tulipasha maji ya kuoga kwa mawe ya moto. Jiwe linatoka motoni jekundu, ukilitia kwenye mtungi linapiga kelele mara moja, basi limekwisha. Maji hata hayajajua kama kuna mgeni. Mawe mangapi tuliyabeba! Wewe hukuuliza mchanga unameza kiasi gani. Uliuliza tu kama una baridi."

Kisha akaongeza neno ambalo liliniuma, na ninalishukuru hadi leo: "Shuleni walikupa jina la kitu, ukadhani wamekupa kitu chenyewe."

Mwanangu, nilisimama pale nikaona ukurasa mzima wa daftari langu la kidato cha tatu. Kile ambacho vitabu hukiita uwezo mahususi wa joto, yaani kiasi cha joto ambacho kilo moja ya kitu inahitaji ili ipande nyuzi moja tu, mwanamke asiyejua herufi alikuwa ameniambia kwa maneno mawili: tumbo lake. Kukosea si kosa, kosa ni kurudia kosa, nikaona heri nisimame nifanye kazi.

"Bibi, naweza kulipima hilo tumbo."

"Lipime basi. Nani kakukataza?"

Nikachukua mizani ya kikundi, ile ya kuning'iniza. Nikatafuta jiwe la kijitoni la kilo moja barabara, nikalifunga kamba, nikalitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka na kuliacha muda mrefu hadi joto liingie moyoni mwake. Kipimajoto kikasema nyuzi tisini na tano, wala usishangae si mia. Nchi yetu imeinuka, na huku juu maji huchemka kabla ya kufika mia. Kando nikaweka lita moja ya maji ya kawaida, ambayo ni kilo moja, kwenye sufuria niliyoivika gunia. Yalikuwa na nyuzi ishirini na tatu. Nikalivuta jiwe, nikalikung'uta haraka, nikalitumbukiza, nikakoroga na kutazama.

"Umeona nini?" Bibi akauliza.

"Maji yamefika thelathini na nne, bibi."

"Na jiwe?"

"Na jiwe pia, wako pamoja. Jiwe limeshuka nyuzi sitini na moja. Maji yamepanda kumi na moja tu."

Bibi akacheka kicheko kirefu. "Si nilikuambia?"

Hapo nikapiga magoti nikaandika chini kwa kijiti. Joto alilopoteza mmoja ndilo alilopata mwingine. Kilo moja ya maji hutaka jouli, ndicho kipimo cha joto, elfu nne na mia mbili kwa kila nyuzi. Yamepanda nyuzi kumi na moja, basi yamepokea jouli elfu arobaini na sita na mia mbili. Joto hilo lote limetoka kwa jiwe, kilo moja, lililoshuka nyuzi sitini na moja. Gawanya. Nikapata mia saba hamsini na saba. Vitabu husema mawe ya namna ile ni kama mia nane. Tofauti hiyo ilitokana na sufuria iliyokula kidogo na hewa iliyoiba kidogo wakati navuta kamba. Kwa jikoni kwa bibi, hesabu ile ilikuwa nzuri sana, na nasema bila aibu kuwa ndilo jaribio bora nililowahi kufanya maishani.

Mchanga ni jiwe lililosagwa. Nikauingiza kwenye hesabu. Kilo arobaini za mchanga, mara mia nane, ni jouli elfu thelathini na mbili kwa kila nyuzi. Maziwa ya keni moja, kilo ishirini, kila kilo elfu tatu na mia tisa, ni elfu sabini na nane. Maziwa yalikuwa na tumbo zaidi ya mara mbili ya mchanga wangu wote! Nilipotafuta mahali ambapo wangekutana, maziwa yakitokea nyuzi thelathini na sita na mchanga kumi na saba, nikapata nyuzi thelathini na nusu. Na hapo nimeufanyia mchanga upendeleo, maana ukiwa mkavu haupitishi joto vizuri, tabaka la karibu na keni hushiba na la mbali hubaki likilala. Ningetaka kuyafikisha ishirini na sita tu, ningehitaji kilo zaidi ya mia kwa kila keni. Maji yenye nyuzi ishirini na moja yaliushinda mchanga wenye kumi na saba.

Sasa nilijua kosa. Lakini kujua kosa hakuleti maji, na Tata alikuwa ameshasema. Nikahesabu upande wa pili. Maziwa kilo themanini, yashuke kutoka thelathini na sita hadi ishirini na tano, nyuzi kumi na moja: ni jouli milioni tatu na laki nne na kitu. Maji yakipanda kutoka ishirini na moja hadi ishirini na tano, kila lita inameza elfu kumi na sita na mia nane. Gawanya: lita mia mbili na nne. Madumu kumi na kidogo. Nikaandika kumi na moja, ili keni zenyewe na jua navyo vipate sehemu yao.

Kisha nikaenda nikahesabu madumu ambayo punda walileta kila asubuhi kwa ajili ya ndama. Yalikuwa kumi na mawili.

Nilikaa pale kando ya birika la saruji la ndama, nikaona kuwa maji yale yale yangeweza kupoza maziwa kwanza, kisha yakanyweshwa ndama. Jioni hiyo hiyo, kabla jua halijashuka, nikamfuata Tata kwenye lango la zizi. Shangazi alisimama nyuma yangu.

"Tata, shikamoo. Naomba kuyaazima maji ya ndama kwa nusu ya asubuhi tu. Siyamwagi hata tone."

"Marahaba. Asubuhi ulikuwa na mchanga, sasa una nini?"

"Sasa nina hesabu, Tata, na nimeipima. Punda wakirudi, maji yaingie kwenye birika kama kawaida. Keni zisimame humo, zimefungwa vizuri. Maziwa yakishapoa tunazitoa, ndama wanakunywa. Maji yatakuwa yameongezeka nyuzi nne tu."

"Nyuzi nne ni kitu gani? Ndama wakiyakataa?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na ndoo mbili, moja ya nyuzi ishirini na moja, nyingine nimeipasha hadi ishirini na tano. "Ingiza mkono huku, Tata. Na huku."

Akaingiza. Akarudia. Akamwita ndama mmoja mwekundu kwa kupiga ulimi, akamwekea ile ya pili. Ndama hakuuliza kitu. Alikunywa hadi akapiga ndoo kichwa. Tata akafuta mkono kwenye koti.

"Kwa hiyo watakunywa maji yaliyopoza maziwa ya mama zao," akasema, na mdomo wake ukacheza kidogo. "Haya. Lakini gari likiyakataa tena, birika langu niachieni."

Siku ya gari ilipofika, sikusuka nywele. Nilikaa kando ya birika na kipimajoto na kipande cha karatasi. Tulifunika juu kwa matawi ili jua lisituibie. Kila nusu saa nilipima, nikaandika: thelathini na sita, thelathini na moja, ishirini na nane, ishirini na sita. Na tena ishirini na sita. Hesabu yangu ilikuwa imesema ishirini na tano.

"Shangazi, imekwama."

Shangazi akafikiri kidogo. "Koroga maji ya birika. Yaliyo karibu na keni yameshiba, ya pembeni bado." Akachukua mwiko mrefu akayazungusha mwenyewe, akatikisa na keni moja moja. Nusu saa baadaye, ishirini na tano na kidogo. Tulitoa keni, tukazivika magunia yaliyoloweshwa, tukaziweka kivulini, na ndama wakaletwa.

Saa sita gari likaja. Wanawake wote wanane walikuwepo. Kijana akawasha moto wake, akaweka kijiko. Maziwa yakachemka, yakapanda kama povu la sabuni, yakashuka. Meupe, laini, bila bonge. Keni ya pili. Ya tatu. Ya nne.

"Mama, leo mmeyafanyaje haya?" akauliza.

Shangazi akanigeukia mbele ya wote. "Muulize mwalimu."

Majibu yangu ya mtihani yalikuwa bado hayajatoka, lakini kazi yangu nilipewa siku hiyo. Gari liliendelea kuja kiangazi chote, na mvua zilipoanza Tata mwenyewe ndiye aliyesema keni zisitolewe birikani kwake. Mimi nilikwenda chuo, nikarudi Tarime, nikafundisha fizikia hadi nywele zikabadilika rangi. Kila darasa nililianza kwa jiwe na sufuria ya maji, kabla ya kuandika kanuni yoyote ubaoni. Mwanafunzi mmoja kutoka Matongo, wanakochimba dhahabu, aliniuliza siku moja, "Madamu, na dhahabu tumbo lake je?" Nikamwambia akapekue jedwali, akarudi macho yamemtoka. Kilo ya maji hubeba joto zaidi ya mara thelathini ya kilo ya dhahabu. Wenzake darasani wanaohangaika na maji wakati wa kiangazi hawakushangaa hata kidogo.

Basi, mwanangu, nikuambie wazi nisikuache ukibahatisha. Usikichagulie kitu kazi kwa jinsi kinavyohisi mkononi. Ubaridi ni habari moja, uwezo wa kumeza joto ni habari nyingine, na uzito ni ya tatu. Zidisha zote ndipo useme. Ukipata kanuni, iulize inasema nini kwa lugha ya nyumbani kwenu, na kama huwezi kumweleza bibi yako, ujue bado hujaielewa. Ukishahesabu, pima. Hesabu nzuri hukufikisha karibu na mlango, lakini kipimo ndicho kinachobisha hodi. Na ukimkosesha mtu kwa ujuzi wako, usikimbie na aibu yako. Rudi na ujuzi ulio bora, umtengenezee ulichomharibia. Watu wetu husamehe upesi anayerudi.

Nenda kasome. Mungu akupe jicho linaloona hadi kwenye namba ya mwisho, na ulimi unaosubiri macho yamalize. Walimu wako wakutane na wazee wako kichwani mwako wasigombane. Mvua ikunyeshee kwa wakati, zizi la kwenu lisiwe kimya, na mtihani ukukute umeshaelewa. Amina, mwanangu.